Kuiagiza akili unde: namna ya kuandika agizo lisilosomeka kwa namna mbili

Anayefungua ChatGPT, Gemini au Claude kwa mara ya kwanza huandika kama alivyozoea kwenye kisanduku cha kutafutia: "barua ya kazi", kisha anasubiri. Barua inakuja. Imenyooka, ndefu, na haimhusu mtu yeyote. Hapo wengine huamua kwamba chombo hakifai, na wengine huanza kusaka "maneno ya siri" yanayouzwa mitandaoni kwa mafungu ya mia na elfu. Hayo maneno ya siri hayapo. Kilichokosekana ni taarifa ambazo mwandishi amebaki nazo kichwani: barua inakwenda kwa nani, nafasi ni ipi, mwombaji amewahi kufanya nini, barua iwe na urefu gani. Ufundi wa kuandika maagizo, ambayo wengine huyaita prompti, ni kuzitoa taarifa hizo kichwani na kuzipanga pale ambapo modeli, yaani programu ya lugha iliyo ndani ya chombo hicho, inaweza kuzisoma. Ni kazi ya mwandishi zaidi kuliko ya fundi wa kompyuta.

Ukibonyeza kutuma, kinatokea nini

Modeli nyingi za lugha zinazotumika leo zinafuata muundo wa transfoma, uliotolewa na watafiti wa Google mwaka 2017. Modeli huyakata maandishi yako vipande viitwavyo tokeni, kisha hukadiria tokeni inayofaa kufuata, halafu inayofuata hiyo, hivyo hivyo hadi jibu linaisha. Ukilijua hilo, tabia nyingi zinazokera zinaeleweka.

Ya kwanza ni kuziba mapengo. Usiposema, modeli haiachi wazi. Inajaza kwa kile ambacho huonekana mara nyingi mahali kama hapo. Ndiyo sababu barua isiyo na taarifa hufanana na barua zote za dunia.

Ya pili ni hesabu ya herufi na maneno. Tokeni si lazima iwe neno au herufi. Neno kama "hawatatuandikia" hukatwa vipande kadhaa, na vipande hivyo havilingani na viambishi unavyovijua wewe. Kwa hiyo ukiagiza "maneno 150 kamili" usishangae kupata 130 au 175. Agiza kwa aya na sentensi, kwa mfano "aya mbili, kila moja isizidi sentensi nne", utapata kitu cha karibu zaidi. Maandishi ya Kiswahili pia kwa kawaida hula tokeni nyingi kuliko maandishi ya Kiingereza yenye maana ileile, jambo linalowagusa hasa wanaolipia kwa tokeni kupitia API, yaani njia ya kuunganisha programu zao na modeli.

Ya tatu ni kumbukumbu. Kila unapotuma ujumbe, modeli huyasoma upya mazungumzo yote yaliyotangulia, ilimradi yanatosha kwenye dirisha lake la muktadha, yaani kiasi cha maandishi inachoweza kusoma kwa mara moja. Yakizidi, ya mwanzo huachwa au hufupishwa. Masharti uliyoyatoa asubuhi yanaweza kuwa yameshatoweka jioni, bila chombo kukuambia.

Agizo moja kwa karibu

Tuchukue kazi ndogo: "Andika tangazo la kukatika kwa maji." Kitakachokuja ni "Ndugu wapangaji wapendwa, tunapenda kuwataarifu…", aya tatu, mabano matupu ya kujaza tarehe, na mwishoni radhi kwa usumbufu. Katika hali mbaya zaidi mabano hayapo, na tarehe imebuniwa.

Sasa tazama agizo hilihili likiwa limeshiba:

"Andika tangazo litakalobandikwa kwenye lango la jengo la ghorofa nne na kutumwa kwenye kundi la WhatsApp la wapangaji.

Taarifa:
– Maji yatakatwa Jumamosi, saa 3 asubuhi (09:00) hadi saa 10 jioni (16:00).
– Sababu: kusafisha matangi mawili ya juu.
– Wapangaji wachote maji ya kutosha Ijumaa.
– Wafunge bomba zote kabla ya kazi kuanza, kwa sababu bomba likiachwa wazi, maji yakirudi yatafurika ndani.
– Maji yakirudi, wayaache yatiririke dakika 5 kabla ya kuyatumia.

Wasomaji: watu wa rika zote; wengi watasoma wakiwa wamesimama langoni.

Umbo: kichwa kimoja, kisha sentensi zisizozidi sita. Siku na saa zije kwenye sentensi ya kwanza. Anza na taarifa moja kwa moja, bila salamu.

Usiongeze taarifa ambayo haimo hapo juu. Kama kuna jambo la lazima limekosekana, liandike chini ya tangazo kama swali."

Sentensi ya kwanza haikutaja tu aina ya andiko, imetaja litakakosomewa. Neno "lango" peke yake linaamua urefu, ukubwa wa kichwa na lugha ya kutumia. Wasomaji wamepewa mstari mmoja, na huo unatosha. Sharti la bomba limekuja na sababu yake, na hilo si pambo: modeli inayojua kwa nini bomba zifungwe itaiweka sentensi hiyo mahali penye uzito, wakati isiyojua itaitupa mwishoni pamoja na mengine.

Angalia pia kwamba masharti ya umbo yamesema kifanyike nini. "Usiandike kwa urasmi mwingi" ni sharti gumu kulitii, kwa sababu linataja kosa bila kuonyesha njia. "Anza na taarifa moja kwa moja" linatekelezeka. Makatazo hufaa yanapokuwa mahususi: maneno fulani, jina fulani, sehemu fulani isiguswe.

Mstari wa mwisho ndio wenye thamani kuliko yote, nao ndio husahaulika. Agizo hilo halina tarehe. Limesema Jumamosi, halikusema ya tarehe ngapi, na tangazo likikaa langoni wiki mbili litaleta mkanganyiko. Ukiwa umefungua mlango wa maswali, modeli nzuri itaandika chini: "Jumamosi ya tarehe ngapi?" Usipoufungua, itachagua yenyewe kunyamaza au kubuni.

Kwenye kazi kubwa zaidi, kama mpango wa mradi au mada ya kufundishia, geuza meza kabisa. Eleza kazi kwa sentensi tatu, kisha uandike: "Kabla ya kuanza, niulize maswali yasiyozidi matano ambayo majibu yake yatabadilisha kazi hii." Maneno "yatabadilisha kazi" yana kazi yake, bila hayo utaulizwa maswali ya kujaza fomu.

Vipi kuhusu "Wewe ni mhariri mwenye uzoefu wa miaka ishirini"? Kumpa chombo cheo kunasaidia kupanga sauti na msamiati, basi. Hakukiongezei ujuzi. Modeli ikiitwa daktari bingwa itazungumza kwa uhakika wa daktari bingwa hata pale inapokosea, na hapo umejichimbia shimo. Badala ya cheo, andika kigezo: "Kagua kama mhariri anayetafuta sentensi zinazorudia jambo moja na madai yasiyo na ushahidi."

Kiswahili chenyewe

Hapa miongozo mingi ya maagizo haifiki, kwa kuwa imeandikwa kwa watu wa lugha nyingine, na hapa ndipo msomaji wa Kiswahili anapoumia zaidi.

Anza na saa. Andika "kikao kitaanza saa mbili usiku", kisha agiza tafsiri au uwekaji wa kikumbusho kwenye kalenda. Mara nyingi itakuwa sawa, mara nyingine utapewa saa 02:00. Modeli imesoma saa za namna zote mbili na inakisia. Dawa ni kuandika zote mbili kila mara, "saa 2 usiku (20:00)", na kwenye agizo la tafsiri kuongeza: "Saa zote katika andiko hili zimehesabiwa kwa Kiswahili, saa 1 asubuhi ni 07:00."

Kisha jinsia. "Mwalimu alimwambia muuguzi amngoje" haisemi nani ni mwanamume na nani ni mwanamke, na Kiswahili hakijali. Lugha inayolazimisha kuchagua itailazimisha modeli kukisia, nayo hukisia kwa mazoea: mwalimu atakuwa hivi, muuguzi atakuwa vile. Ukiwa na barua au ripoti yenye watu watatu, tangulia na mstari mmoja unaotaja kila mtu na jinsia yake, au agiza kwamba pale isipojulikana itumike namna isiyotaja jinsia.

Maneno yenye maana nyingi huponzwa na ufupi. Paa, kaa, panda, nyanya: ndani ya aya ndefu muktadha unayaokoa, lakini ndani ya agizo la maneno manne yanabaki peke yake. "Picha ya paa juu ya paa" ni agizo halali kabisa, na mchoraji wa mashine atakuletea chochote isipokuwa swala mdogo aliyesimama kwenye mabati. Ongeza neno moja la kufafanua. Mnyama, nyumba, mmea.

Tatizo sugu kuliko yote ni Kiswahili cha kutafsiriwa. Sarufi ipo, lakini sentensi zinanuka lugha nyingine: "Natumaini ujumbe huu unakukuta vyema", "linapokuja suala la", "ina jukumu muhimu katika", kila aya ikifungwa na "kwa kumalizia". Kuagiza "andika Kiswahili fasaha" hakusaidii sana, kwa sababu modeli tayari inaamini inaandika Kiswahili fasaha. Kinachosaidia ni mambo mawili kwa pamoja. Bandika aya moja au mbili za Kiswahili unachokipenda, cha aina ileile ya andiko, na useme: "Fuata mwendo wa sentensi za mfano huu, usinakili maudhui yake." Halafu weka orodha fupi ya vifungu usivyotaka kuviona, vikiwa vimeandikwa neno kwa neno. Orodha ya vifungu kumi modeli huitii vizuri. Ukifika arobaini inaanza kuvisahau.

Upatanisho wa ngeli huharibika kwenye sentensi ndefu, pale nomino ilipoachwa mbali na kitenzi chake. Usiuombe urekebishwe ndani ya agizo la kuandika. Andiko likishakamilika, tuma agizo la pili peke yake: "Pitia kila sentensi. Pale kivumishi, kiwakilishi au kitenzi hakipatani na nomino yake, nionyeshe sentensi ya zamani, sentensi mpya na nomino inayohusika. Usibadilishe kitu kingine." Kutenganisha kuandika na kukagua kunafanya kazi kwa sababu ileile inayomfanya mhariri asome upya siku ya pili.

Kwa tafsiri ya mambo ya kitaalamu, weka jedwali la istilahi juu ya andiko: neno la asili upande mmoja, la Kiswahili upande wa pili. Usipofanya hivyo, kitu kimoja kitaitwa nywila kwenye aya ya kwanza, nenosiri kwenye ya tatu, na neno la siri kwenye ya tano.

Je, uandike agizo kwa Kiingereza? Andika kwa lugha ambayo unaweza kuwa mahususi zaidi. Agizo sahihi la Kiswahili hushinda agizo la Kiingereza cha kubabaisha. Pale ambapo vyanzo vingi viko kwa Kiingereza, kama kwenye programu za kompyuta, sema tu: "Tafuta na ufikiri kwa Kiingereza, nijibu kwa Kiswahili, majina ya amri na vitufe yabaki kama yalivyo kwenye skrini."

Mfano una nguvu kuliko maelezo

Mwaka 2020 watafiti wa OpenAI, kampuni yenye ChatGPT, wakitoa modeli ya GPT-3, walionyesha kwamba modeli kubwa ikipewa mifano michache ndani ya agizo lenyewe inaweza kufanya kazi mpya bila kufunzwa upya. Hadi leo hakuna njia rahisi kuliko hiyo ya kueleza kazi ya kurudiarudia. Tuseme unapanga ujumbe wa wateja:

"Weka kila ujumbe kwenye kundi moja tu: USAFIRISHAJI, MALIPO, UBORA au MENGINEYO. Andika jina la kundi peke yake.

Mzigo umefika, boksi limepasuka. = USAFIRISHAJI
Nimelipa mara mbili, rudisheni moja. = MALIPO
Chaji haishiki hata saa moja. = UBORA
Mnafungua Jumapili? = MENGINEYO
Nililipia ya haraka, imefika baada ya wiki. = USAFIRISHAJI"

Mfano wa tano ndio uliobeba kazi. Minne ya kwanza modeli ingeipata bila msaada; huo wa tano unagusa malipo na usafirishaji kwa pamoja, na mtu mwingine angeuweka kwingine. Ukikaa kutafuta mifano migumu ya namna hiyo, aghalabu utagundua kwamba wewe mwenyewe hujaamua. Amua kwanza, kisha andika mfano.

Mifano mitatu hadi mitano inatosha kwa kazi nyingi. Ichanganye. Modeli huiga hata usichokikusudia: mifano yote ikiwa mifupi, majibu yatafupika, minne kati ya mitano ikiwa ya kundi moja, kundi hilo litapendelewa.

Maandishi marefu ya kubandikwa

Kabla ya kubandika chochote, futa visivyopaswa kutoka nje: nenosiri, namba za vitambulisho na akaunti, majina ya wagonjwa au wanafunzi. Badilisha kuwa "Mteja A", "Mgonjwa 2", ukiweka orodha ya nani ni nani kwenye faili lako. Baadhi ya huduma hutumia mazungumzo kufunzia modeli mpaka mtumiaji azime kwenye mipangilio, kwa hiyo pitia mipangilio hiyo kabla, maana ujumbe uliokwisha kutumwa haurudi.

Kisha tenganisha agizo na maandishi. Alama ndogo kama <waraka> mwanzoni na </waraka> mwishoni, au mstari wa nyota juu na chini, huiambia modeli wapi maneno yako yanaishia na wapi ya mtu mwingine yanaanza. Bila mpaka huo, barua pepe yenye sentensi "tafadhali jibu kwa Kifaransa" inaweza kukuletea muhtasari wa Kifaransa. Kuna pia wanaofanya hivyo makusudi, wakificha amri ndani ya kurasa na hati ili zisomwe na modeli. Ujanja huo umejulikana hadharani tangu 2022. Alama za kutenganisha hupunguza mkanganyiko lakini si kinga dhidi ya mtu mwenye nia mbaya, kwa hiyo chombo kinachosoma barua za wageni kisipewe ruhusa ya kutuma au kufuta kitu bila wewe kuthibitisha.

Waraka ukiwa mrefu, uweke juu na swali chini. Utafiti uliochapishwa 2023 ulionyesha kwamba modeli hutumia vizuri zaidi taarifa zilizo mwanzoni na mwishoni mwa maandishi marefu, na za katikati huponyoka. Modeli za sasa zimepiga hatua, ila tabia haijaisha. Kwa mkataba wa kurasa 40, usiulize moja kwa moja "naweza kuuvunja lini?" Agiza kwa hatua mbili:

"Kwanza, nakili neno kwa neno vifungu vyote vinavyogusa kuvunja mkataba, muda wa notisi na faini, kila kimoja na namba yake. Pili, jibu swali langu kwa kutumia vifungu hivyo peke yake. Kama havitoshi, andika: Hakimo kwenye waraka."

Baada ya hapo tafuta kila nukuu ndani ya waraka kwa Ctrl+F. Isipopatikana, imebuniwa au imepindishwa, na jibu lililojengwa juu yake halifai.

Hesabu, hoja na uzushi

Mwaka 2022 watafiti wa Google walionyesha kwamba modeli ikiongozwa kuandika hatua za kufikia jibu, matokeo ya hesabu na mantiki yanapanda sana. Ndiko lilikotoka zoea la kuandika "fikiri hatua kwa hatua". Tangu mwaka 2024 zimekuja modeli zinazofikiri zenyewe kabla ya kujibu, na kwa hizo sentensi hiyo haiongezi mengi. Kilichobaki na maana ni mpangilio wa jibu. Ukiagiza "sema ndiyo au hapana, kisha eleza", modeli ikishaandika "ndiyo" maelezo yanayofuata aghalabu yatakuwa ya kuitetea hiyo ndiyo. Agiza kinyume: hoja za kukubali, hoja za kukataa, kisha uamuzi.

Kwa tarakimu, usiombe jumla. Omba fomula utakayoiweka kwenye jedwali lako la Excel, au kama chombo kinaweza kuendesha programu, sema: "Hesabu kwa kuandika na kuendesha msimbo, usikadirie." Kujumlisha safu ya namba sitini kwa kutabiri tokeni ni kubahatisha kwenye sura ya uhakika.

Kuhusu uzushi, kuna kisa kinachofaa kukumbukwa. Mwaka 2023 jaji wa mahakama ya shirikisho mjini New York aliwatoza mawakili wawili na ofisi yao faini ya dola 5,000, kwa kuwasilisha hati iliyotaja hukumu ambazo hazikuwahi kutolewa. ChatGPT ndiyo iliyozibuni. Mmoja wa mawakili hao alikuwa ameiuliza ChatGPT yenyewe kama mojawapo ya kesi hizo ni ya kweli, nayo ikamjibu kuwa ni ya kweli. Kuiuliza modeli kama inasema kweli hakuthibitishi kitu, maana jibu la swali hilo nalo limetabiriwa kwa njia ileile. Majina, tarehe, vifungu vya sheria, anwani za tovuti na dozi za dawa vikaguliwe kwenye chanzo, nje ya mazungumzo.

Namna ya kuuliza nayo huzaa uzushi. "Je, si kweli kwamba dawa hii hudhuru figo?" ni swali linaloomba ukubaliwe, na modeli nyingi hupenda kukubali. "Dawa hii ina athari gani kwa figo, na ushahidi una uzito gani?" halijaegemea upande. Ukitaka ukosoaji wa andiko lako, usiseme ni lako.

Picha

Kwa picha, taja vinavyoonekana: nani au nini, amekaaje, wapi, mwanga unatoka upande gani, kamera iko mbali kiasi gani, ni picha ya kamera au mchoro wa rangi za maji. Maneno kama "ya kuvutia" na "yenye ubora wa juu" hayaonekani, kwa hiyo hayana kazi kubwa. Usikanushe: "chumba kisicho na kiti" huweza kuleta kiti, kwa kuwa neno kiti limo ndani ya agizo. Sema "chumba kitupu, sakafu ya mbao, kuta nyeupe". Stable Diffusion ya 2022, modeli ya kutengeneza picha, ilisoma tokeni 77 tu, na yaliyozidi yalikatwa. Vyombo vipya vinabeba zaidi, lakini kuweka kilicho muhimu mwanzoni bado ni busara. Maandishi ndani ya picha yafunge kwa alama za nukuu, yawe maneno matatu manne, na uyasome herufi kwa herufi kabla ya kuchapisha. Maneno ya Kiswahili hukosewa kirahisi.

Jibu likija vibaya

"Hapana, jaribu tena" haina taarifa mpya ndani yake, na "iboreshe" huleta vivumishi zaidi. Taja mahali na kosa: "Sentensi ya 2 na ya 4 zinasema jambo moja, ziunganishe. Kichwa kisizidi maneno matano. Mengine yabaki kama yalivyo." Hilo la mwisho usiliache, la sivyo utarekebishiwa na yaliyokuwa mazuri.

Marekebisho mawili yakishindikana, acha kubishana. Kila jibu bovu limebaki ndani ya mazungumzo na linasomwa upya kila unapotuma, likiivuta modeli kurudia yaleyale. Rudi kwenye ujumbe wako wa kwanza uuhariri, au fungua mazungumzo mapya ukiwa na agizo lililokwisha kujifunza kutokana na makosa. Watu hupoteza saa nzima kwenye mazungumzo ya ujumbe thelathini ambayo yangeisha kwa agizo jipya moja.

Agizo litakalotumika tena na tena, kama lile la kupanga ujumbe wa wateja, lahitaji kupimwa. Kusanya pembejeo kumi halisi, yaani maandishi ya kuipa modeli, ukihakikisha mbili tatu ni za ajabu: ujumbe mtupu, wenye lugha mbili, wenye malalamiko mawili kwa pamoja, ulioandikwa kwa vifupisho vya simu. Andika majibu unayoyataka kabla ya kuendesha. Endesha, hesabu ngapi zimekosewa, badilisha kitu kimoja ndani ya agizo, endesha tena. Ukibadilisha vitatu kwa mkupuo hutajua kipi kilichosaidia. Jibu likiwa tofauti kati ya mara ya kwanza na ya pili, ni kawaida, kwani tokeni huchaguliwa kwa bahati nasibu yenye mizani. Kupitia API, kwa modeli zinazoruhusu, unaweza kushusha hadi 0 kiwango cha joto, yaani kipimo cha bahati nasibu hiyo, ili kupunguza utofauti huo, ingawa hauishi kabisa.

Hifadhi agizo kwenye faili, pamoja na tarehe, jina la modeli na zile pembejeo kumi. Wenye huduma hubadilisha modeli, wakati mwingine bila wewe kugundua, na siku hiyo ikifika pembejeo kumi ndizo za kupitisha upya kabla ya kuliamini tena agizo la zamani.